Fundi, Karakana na Kazi Yake: Historia ya Ujenzi katika Dunia za Kubuni, 1978–2017

Makala haya yanahusu watu waliojenga nyumba, bustani, mavazi, mashine na makanisa ndani ya kompyuta, mahali ambapo hapana tofali wala uzi, na ambapo watu wengi waliweza kuingia kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa kwake, wakaonana, wakasemezana na wakafanya kazi pamoja. Mahali pa namna hiyo tutapaita dunia za kubuni. Tungalipenda kulitumia neno ulimwengu, lakini wingi wake, malimwengu, umekwisha kuchukuliwa na maana nyingine, yaani mambo ya walimwengu, hila zao na misukosuko yao. Na ingawa mambo hayo hayakukosekana katika historia tutakayoisimulia, si haki kuyatia katika jina kabla ya kuyathibitisha.

Aghalabu historia ya dunia hizi husimuliwa kama historia ya macho. Yalianza maandishi matupu, ikaja picha bapa, kisha ikaja picha yenye kina, na kila hatua husifiwa kuwa ni maendeleo juu ya ile iliyotangulia. Usimulizi huo una ukweli wake, lakini huwasahau mafundi. Kwa maoni yetu maswali yanayofaa kuulizwa ni mengine: fundi alifanyia kazi yake wapi, nani aliweza kumwona akiifanya, na alipokwisha kuimaliza ilikuwa mali ya nani? Mtu akiyafuata maswali hayo ataona kwamba yaliyopatikana kwa macho mara nyingine yalilipiwa kwa vitu vingine, na kwamba baadhi ya yaliyopotea yanatuhusu sisi wanafunzi wa lugha kuliko yanavyowahusu wahandisi.

Katika mwaka 1978 Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, alianza kuandika mchezo ulioitwa MUD, na mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Mchezo huo haukuwa na picha hata moja. Mchezaji alisoma maelezo ya mahali alipo, akaandika kwa maneno analotaka kulitenda, na kompyuta ikamjibu kwa maneno. Wachezaji wengi waliweza kuwamo pamoja. Lakini mahali penyewe palikuwa pa watungaji: mgeni aliweza kutembea, kupigana na kuokota hazina, wala hakuweza kuongeza chumba. Kwa hiyo MUD ni mama wa dunia hizi, lakini si mama wa mafundi wake.

Hali haikuwa tofauti sana katika Habitat, iliyotengenezwa Marekani na kampuni ya Lucasfilm kwa ushirikiano na mtandao wa Quantum Link, na kujaribiwa na watu kuanzia mwaka 1986 hadi 1988 kwa kompyuta ndogo za Commodore 64. Humo mlikuwa na picha, na kila mtu alikuwa na umbo lililomwakilisha. Watungaji wake waliliita umbo hilo kwa neno la Kisanskriti lenye maana ya kushuka kwa mungu duniani, nasi tutaliandika avata. Vitu vyote vilivyokuwamo vilikuwa kazi ya kampuni. Hata hivyo wakazi hawakukaa kimya. Mmoja wao, ambaye katika maisha yake ya kawaida alikuwa kasisi wa Kanisa la Orthodoksi la Kigiriki, alianzisha kanisa humo ndani, akawakataza waumini wake kubeba silaha na kuiba. Mwingine alitoa gazeti. Chip Morningstar na F. Randall Farmer, waliokuwa wakuu wa kazi hiyo, walikiri katika insha waliyoisoma mwaka 1990 kwamba mipango yao ya kuwaongoza watu ilishindwa mara kwa mara: mchezo wa kutafuta hazina walioutayarisha kwa muda mrefu ulifumbuliwa na mtu mmoja kwa muda wa saa chache, kabla wengi hawajapata nafasi ya kuuonja. Wakazi wa Habitat hawakuweza kuunda tofali. Walichokiunda ni desturi.

Mlango wa ufundi wenyewe ulifunguliwa mwaka 1989, James Aspnes wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alipotunga TinyMUD, mchezo mdogo wa maandishi ambamo kila aingiaye aliruhusiwa kuongeza vyumba na vitu. Watu walijenga bila ya kiasi hata mahali hapo pakalemewa, pakafungwa mwaka uliofuata. Mrithi wake ndiye anayestahili tukae naye kidogo.

LambdaMOO ilianzishwa mwaka 1990 na Pavel Curtis, mtafiti wa kituo cha Xerox kilichoko Palo Alto, California, juu ya programu iliyotangulia kuandikwa na Stephen White. Ilikuwa nyumba, tena nyumba ya Curtis mwenyewe: aliyaeleza kwa maandishi makazi yake halisi, kisha akawaachia wageni wayaendeleze. Nao waliyaendeleza. Kulikuwa na amri ya kuchimba, iliyozaa chumba. Amri ya kuumba, iliyozaa kitu. Na amri ya kueleza, iliyokivika kitu hicho maneno. Bila ya amri hii ya tatu kitu kilikuwapo lakini hakikuonekana kuwa chochote. Mtu aliyeandika sentensi mbili nzuri juu ya kiti alikuwa ametengeneza kiti kizuri. Aliyeandika vibaya alikuwa ametengeneza kiti kibaya, hata kama hesabu zake zote zilikuwa sawa. Hatujui karakana nyingine yoyote ambayo ndani yake seremala na mwandishi wa nathari walikuwa mtu mmoja kwa kiasi hicho.

Zaidi ya hayo, kitu cha LambdaMOO kilipewa uwezo kwa kuongezewa vipande vya programu, na vipande hivyo viliitwa, kwa istilahi rasmi ya lugha yenyewe, vitenzi. Fundi aliyeunda kinanda hakuwa na budi kukipa kitenzi cha kupigwa. Asipokipa, kinanda kilikaa kama picha ukutani. Mchezaji alipoandika amri, kompyuta iliikata mahali penye nafasi, ikatafuta kwanza kitenzi, kisha yambwa, kisha kihusishi kutoka katika orodha iliyowekwa, kisha yambwa ya pili. Yaani sarufi ya Kiingereza ilikuwa imejengwa ndani ya kuta. Tujaribu kuifikiria nyumba hiyo kwa Kiswahili. Mtu akiandika 'nimempa', nafsi ya mtendaji, wakati, mtendewa na kitenzi vyote vimo katika neno moja, na kompyuta ile ingalitafuta kitenzi kinachoitwa 'nimempa' isikione. Hilo si kosa la Curtis, aliyeandika kwa lugha yake. Tunalitaja kwa sababu husemwa mara nyingi kwamba dunia hizi hazina nchi.

Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa na mipaka, kwa hiyo kila mkazi aliwekewa kiasi cha vitu anachoruhusiwa kuwa nacho. Aliyetaka zaidi alipeleka maombi kwa baraza la wakazi wenzake, ambalo liliitazama kazi yake ya awali na kuamua kama yafaa aongezewe. Kwa muda wa miaka kadhaa, basi, kulikuwa na watu waliokaa wakapima kama chumba kilichotengenezwa kwa maneno ni kizuri kiasi cha mwandishi wake kustahili ardhi zaidi. Tunaona ajabu kwamba wahakiki wa fasihi hawajashughulika na baraza hilo, ilhali lilifanya kwa vitendo kazi ambayo wao huifanya kwa nadharia.

Ufundi huo ulikuwa na ubaya wake pia. Mwaka 1993 mkazi mmoja alitumia kitu alichokiunda, namna ya kisanamu, kilichoweza kutoa maneno kwa jina la mtu mwingine, akawasingizia wanawake waliokuwa sebuleni vitendo vya aibu kubwa mbele ya hadhara. Julian Dibbell aliandika habari hiyo mwaka huo huo katika gazeti la Village Voice la New York, na tangu hapo wanasheria hawajaacha kuijadili. Kwetu sisi jambo la kuzingatia ni kwamba palipo na maneno tu, kusema ni kutenda, na chombo cha kumsemea mtu bila ya idhini yake ni silaha. Wakazi walikutana, wakabishana, wasikubaliane. Hatimaye mmoja wa wasimamizi alimfuta mkosaji kwa uamuzi wake mwenyewe. Curtis alianzisha baadaye utaratibu wa maombi na kura.

Kutoka maneno kwenda maumbo hatua ya kwanza iliyojulikana sana ilikuwa AlphaWorld, iliyofunguliwa mwaka 1995 na kampuni ya Worlds. Ulikuwa uwanda mmoja mkubwa, karibu sawa na jimbo la California, na kila mtu aliweza kujitwalia sehemu iliyo tupu. Ujenzi ulikuwa wa kunakili: mtu alikichagua kitu kilichopo, ukuta au mti, akakitoa nakala, akaisogeza mahali pake. Matofali yalikuwa ya kampuni, mpango ulikuwa wa mjenzi. Kwa kuwa wote waliingilia katikati ya uwanda, katikati ndipo pakajaa, na miji ikatambaa kuelekea nje kwa kufuata barabara kama ilivyotambaa miji mingi ya kweli. Wavunjaji nao wakaja. Waliotaka kulinda kiwanja chao walikitandika majani kote, maana pengo lo lote lisilokuwa na kitu lilikuwa halali ya mpita njia. Baadaye ada ya uraia ilipoanza kutozwa, jengo la asiyelipa liliweza kujengewa juu. AlphaWorld haikuacha nadharia yo yote ya haki ya fundi, bali iliacha swali.

Swali hilo lilijibiwa, kwa sehemu, katika Second Life. Kampuni ya Linden Lab ilianzishwa na Philip Rosedale huko San Francisco mwaka 1999, na dunia yake ikafunguliwa kwa watu wote mwezi Juni 2003. Hapa mkazi hakupewa ukuta wala mti. Alipewa mchemraba, tufe, mcheduara, pete na maumbo mengine machache ya namna hiyo, yaliyoitwa primu, akaambiwa ajitengenezee. Aliyataka marefu akayavuta, aliyataka yaliyopinda akayapinda, akayatoboa, akayapaka rangi, akayaunganisha kumi au mia, akapata kiatu au kasri. Na kama alijua kuandika skripti, aliyapa mwendo na sauti.

Neno walilolitumia mafundi hao kwa kitendo cha kulitoa umbo hewani na kuliweka chini lilikuwa rezi. Asili yake inafaa kutajwa katika jarida la lugha. Katika filamu ya Tron ya mwaka 1982 kiumbe cha kompyuta kilipovunjika na kutoweka kilisemwa kuwa 'kimederezi', neno lililofupishwa kutokana na lile la uangavu wa picha na kutiwa kiambishi cha kutendua. Mafundi wa Second Life walikiondoa kiambishi, wakabaki na kitenzi cha kutenda. Katika Kiswahili njia hii tunaijua kwa mwelekeo wake wa kawaida: tunaanza na funga tukapata fungua, tega tukapata tegua, ziba tukapata zibua. Wao walianza na kutegua, wakarudi nyuma hadi kutega. Neno la uharibifu liliwazalia neno la uumbaji.

Katika miezi ya mwanzo kampuni ilitoza kodi kwa kila primu iliyosimama. Aliyejenga zaidi alilipa zaidi, na waliounguzwa vibaya walikuwa wale waliojenga kwa faida ya wote. Kikundi kimoja, kilichojiita Americana, kilikuwa kimejenga sanamu na majengo mashuhuri ya Marekani ili wageni wayatembelee. Hesabu ya kodi ilipowafikia, wakafanya uasi. Mwezi Julai 2003 walirundika masanduku ya chai kila mahali, kwa kuiga yale yaliyotupwa baharini Boston mwaka 1773, wakaweka mabango na kuyatia majengo yao moto wa kubuni. Mzaha ulikuwamo, lakini dai halikuwa la mzaha. Mwisho wa mwaka huo mambo mawili yalibadilika. Mwezi Novemba, baada ya kushauriana na watu akiwamo mwanasheria Lawrence Lessig, kampuni ilitangaza kwamba haki za ubunifu katika kilichoundwa na mkazi ni za mkazi mwenyewe. Mwezi Desemba kodi ya primu iliondolewa, malipo yakawekwa juu ya ardhi.

Tangazo lile la Novemba halikuwa jambo dogo. Desturi ya makampuni ya michezo wakati huo ilikuwa kudai kila kitu. Sasa mtu aliweza kushona vazi la avata, akaliuza kwa sarafu ya humo ndani, na kuanzia mwaka 2005 akaibadili sarafu hiyo kwa dola katika soko la kampuni, kwa kiasi cha Linden 250 hivi kwa dola moja. Nathan Keir, Mwaustralia, alitunga ndani ya Second Life mchezo ulioitwa Tringo, na mwaka 2005 akauza kibali cha kuutengeneza nje, hata ukatolewa kwa mashine za mkononi. Aliyepata fedha nyingi kuliko wote, Ailin Graef, aliyejulikana humo kwa jina la Anshe Chung na ambaye picha ya avata yake ilipamba jalada la BusinessWeek mwezi Mei 2006, alitajirika zaidi kwa kukata na kuuza viwanja kuliko kwa ufundi. Magazeti yalimpenda. Mafundi, kwa kadiri tuwezavyo kuona, hawakumpenda kwa kiasi hicho.

Haki ilitiwa ndani ya vitu vyenyewe. Kila kitu kilibeba jina la aliyekiunda, na jina hilo halikufutika hata kikiuzwa mara mia. Aidha fundi aliamua mambo matatu juu ya mpokeaji: je, aweza kukibadili, aweza kukinakili, aweza kumpa mtu mwingine? Soko lilizoea kuruhusu moja kati ya mawili ya mwisho. Nguo iliyoweza kunakiliwa haikuweza kutolewa zawadi, na ile iliyoweza kutolewa haikunakiliwa, maana fundi aliyeruhusu yote mawili hakuwa na cha kuuza tena. Msomaji wa tenzi atakumbuka kwamba watunzi wengi wa zamani walitia majina yao katika beti za mwisho, pengine pamoja na tarehe na idadi ya beti, ili jina lisafiri na kazi. Lakini mtunzi hakuweza kumzuia mnakili asibadili neno, na wataalamu wanaolinganisha miswada wanaishi kwa mabadiliko hayo. Second Life ilijaribu kufanya ambalo mtunzi wa utenzi hakuliweza: kumfunga mnakili mikono.

Kabla ya kuona matokeo yake, hatuna budi kueleza jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika, kwa kuwa hapo ndipo uzito wa hoja yetu ulipo. Ujenzi wa primu ulifanyika palepale, mbele ya watu. Kulikuwa na viwanja vya wazi ambapo asiye na ardhi aliweza kujenga, na kila kilichojengwa kikaondolewa baada ya muda. Mpita njia alimwona mtu amesimama, mkono umenyoshwa, na mbele yake mchemraba unarefuka kuwa mguu wa meza. Aliweza kusimama akatazama. Aliweza kuuliza, na aghalabu alijibiwa. Huko Natoma mkazi aliyejulikana kwa jina la Lumiere Noir alijenga mnara ambao kila ghorofa yake ilikuwa somo: mwanafunzi alipanda akijifunza tufe, pete na mengineyo, na mifano yenyewe ilikuwa mbele yake akiipinda na kuizungusha. Hata kazi kubwa zilikuwa na uwazi huo. Katika kisiwa kilichoitwa Svarga, mashuhuri tayari mwaka 2006, fundi wake alitunga mawingu, mvua, mimea na nyuki wanaochavusha, vyote vikitegemeana, na mgeni aliweza kukaa akatazama namna kila kimoja kinavyokitegemea kingine. Mwanaanthropolojia Tom Boellstorff, aliyefanya utafiti humo tangu mwaka 2004 hadi mwanzoni mwa 2007 na kutoa kitabu mwaka 2008, aliona kwamba kutengeneza ndiko kulikomfanya mkazi kuwa mtu wa mahali hapo. Nasi tungeongeza kwamba ni kutengeneza mbele ya wengine, kama mwanagenzi akaavyo karibu na fundi.

Mwezi Novemba 2006 ilitokea programu iliyoitwa CopyBot, iliyoweza kukinakili kitu cha mtu bila ya kujali ruhusa alizoziweka. Chanzo chake kilikuwa majaribio ya watu waliotaka kuielewa mitambo ya Second Life, lakini mara ikauzwa. Wenye maduka walifunga milango na kutundika mabango. Kampuni ilitangaza kwamba anayeitumia atakuwa amevunja masharti. Kilichotuvutia zaidi ni kinga waliyojibunia wauzaji wenyewe: waliweka dukani kisanduku kilichokuwa kikirudia bila kukoma neno moja la amri, lile ambalo CopyBot ya mwanzo iliitii kwa kujizima. Watu wa pwani wanalijua jambo hili. Ni fingo, lililozikwa mlangoni ili mwizi asiingie. Na kama fingo nyingi, lilifaa siku chache tu, maana mwizi alibadili neno la kuitikia, na visanduku vikaendelea kupiga kelele katika maduka matupu.

Pigo lililofuata halikuonekana kuwa pigo. Mwaka 2011 Linden Lab iliruhusu maumbo ya wavu, yaani yale yaliyochongwa kwa programu za nje kama Blender na Maya, kisha yakaingizwa yakiwa yamekamilika. Uzuri wa nguo, samani na majengo ulipanda sana. Mtu akilinganisha picha za mwaka 2005 na za 2015 hatasita kusema ipi ni bora. Lakini fundi alikwisha kuondoka kiwanjani. Kazi ilifanyika sasa katika chumba chake, nje ya dunia ile, na mgeni aliona bidhaa tu. Wale ambao mikono yao ilizoea primu, wengi wao wasiokuwa na mafunzo yo yote ya sanaa, waliona kazi zao zimekuwa za kizamani kwa muda mfupi. Wachache walijifunza chombo kipya. Waliobaki wakawa wanunuzi. Hatusemi kwamba Linden Lab ingaliweza kukataa. Wateja walidai uzuri. Tunasema kwamba mazungumzo ya viwanja vya wazi, yale maswali na majibu ya mtu aliyesimama kando ya mwenziwe, yalipungua, na hakuna aliyeyaandika yalipokuwa yamejaa.

Kufungwa kwa dunia nzima kulikuwa jambo la kawaida zaidi. Google ilifungua Lively mwezi Julai 2008, ikaifunga mwisho wa mwaka huo huo. There, iliyofunguliwa mwaka 2003 na iliyokuwa na wabunifu wake wa mavazi na magari, ilifungwa mwezi Machi 2010, ikarudi mwaka 2012 baada ya wengi kutawanyika. Second Life yenyewe haikufungwa, lakini mwezi Oktoba 2010 ilitangaza kuondoa punguzo la nusu ya bei iliyowapa vyuo na mashirika yasiyo ya faida. Punguzo lilirudishwa mwaka 2013. Vyuo vingi vilikuwa vimekwisha kufunga virago.

Waliotaka kuhama walikuwa na pa kwenda. Linden Lab ilikuwa imeutoa wazi msimbo wa programu yake ya kutazamia mwezi Januari 2007, na mwaka huo huo watu wengine wakaanza OpenSimulator, ambayo kwayo chuo au hata mtu binafsi aliweza kuendesha dunia ya namna ile katika kompyuta yake. Kilichowazuia ni ile kufuli. Kwa masharti ambayo kampuni iliwawekea watunzi wa programu za kutazamia mwaka 2010, mtu aliweza kukitoa nje kitu ikiwa tu yeye mwenyewe ndiye aliyekiunda. Fikiri nyumba iliyojengwa na watu kumi, mmoja ukuta, mwingine ngazi, wa tatu taa alizozinunua kwa wa nne. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kuihamisha. Ili ihame yalihitajika makubaliano ya wote, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kuacha kuingia, majina yao ya humo hayakufanana na majina yao halisi, na hapakuwa na njia ya kuwapata. Jina lililowekwa ndani ya kitu ili limlinde fundi ndilo lililokizuia kitu hicho kuokolewa, na kadiri kazi ilivyokuwa ya ushirika zaidi ndivyo ilivyozidi kunaswa. Kasri la mtu mmoja liliweza kuhama, mtaa haukuweza.

Kinyume cha hayo ni Minecraft, iliyoanzwa na Markus Persson wa Sweden mwaka 2009 na kutolewa rasmi mwaka 2011. Tofali lake halina jina la mtu. Dunia nzima iliyojengwa ni faili linalonakilika, na ujenzi hufanyika tena mbele ya wenzio, tofali juu ya tofali, kwa umbo ambalo mtoto hulielewa kwa kulitazama. Haki ya fundi humo ni hafifu, na wizi wa kazi ni mwingi. Lakini kiwanja cha wazi kimerudi. Kisa kimoja kinatugusa hapa kwetu. Mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, lenye makao makuu Nairobi, lilifanya mapatano na watengenezaji wa mchezo huo ili wakazi wa miji waweze kusanifu viwanja vyao vya umma, na miongoni mwa mahali pa mwanzo palikuwa uwanja wa Silanga, Kibera. Mchoro wa msanifu majengo ni maandishi, na asiyefundishwa kuyasoma hukaa kimya mkutanoni. Tofali la Minecraft haliwi maandishi ya namna hiyo. Mtu anaonyesha taa iwe wapi kwa kuiweka pale, na mwenziwe akimpinga huiondoa.

Habitat, tuliyoiacha ikifungwa mwaka 1988, ilifufuliwa. Watu wa jumba la makumbusho ya michezo ya kompyuta huko Oakland, California, wakisaidiwa na watungaji wa zamani akiwamo Farmer, waliutoa wazi msimbo wake mwaka 2016, na mwaka 2017 milango ikafunguliwa kwa yeyote atakaye. Nyumba zimerudi jinsi zilivyokuwa, na avata hutembea kwa mwendo ule ule wa taratibu. Kasisi na waumini wake hawamo, wala mafundisho aliyowapa hayakuwa sehemu ya msimbo.

LambdaMOO haikuhitaji kufufuliwa. Mgeni anayeingia hujikuta, kama alivyojikuta yule wa mwaka 1990, ndani ya kabati la makoti lenye giza, akigongana na viatu na nguo na watu waliolala. Maana katika lugha ya nyumba hiyo mtu aliyekata mawasiliano hasemwi kuwa ameondoka, husemwa amelala. Mlango unaelekea sebuleni, na ukifunguliwa maelezo ya chumba hushuka mbele ya macho mstari kwa mstari, kama yalivyoandikwa.